Sura ya Nne: Sosiani, Mto Uliopewa Kisogo

Mvua ikinyesha Ziwa na Eldoret siku moja, maji yake hushika njia mbili. Ya Ziwa, huko Soy katika mashamba ya mahindi ya Uasin Gishu, hukusanyika kwenye vijito visivyo na sifa na kuuteremkia mto Nzoia. Ya Eldoret huingia Sosiani, hupita katikati ya mji, huelekea magharibi upande wa Turbo na kujiunga na mto Kipkaren, kisha Kipkaren nao hujimwaga Nzoia. Kwa hiyo mkulima wa Ziwa anayepeleka magunia Eldoret na mwenye duka anayeyapokea wanakutana mara mbili: kwanza sokoni, halafu mtoni. Nzoia huyabeba yote yaliyomo, hupita Webuye na Mumias, na kuyafikisha Budalang'i, ukingoni mwa Ziwa Viktoria.

Sura hii inahusu ule mto mdogo wa mjini. Eldoret ulijengwa kando ya Sosiani, lakini haukujengwa kwa ajili yake. Mji ulipangwa kufuata namba ya shamba, njia ya magari ya maksai, na baadaye reli. Mto ukabaki uani. Mengi tunayoyalalamikia leo kuhusu maji yake yalianzia katika mpango huo wa kwanza.

Msituni Kaptagat

Sosiani huanzia katika msitu wa Kaptagat, juu ya ukingo wa Elgeyo, ambako ardhi ya upande wa mashariki hukatika ghafla na kuangukia Bonde la Kerio. Ukingo huo ndio unaogawa maji. Tone likidondokea upande wa bonde, hufuata mto Kerio hadi Ziwa Turkana. Likidondokea upande wa pili, huenda Sosiani, Kipkaren, Nzoia, Ziwa Viktoria, na safari yake inaweza kuishia Misri, Mto Nile unapoingia Bahari ya Mediterania.

Kabla ya kufika mjini, vijito viwili, Ellegirini na Nundoroto, hukutana na kuupa Sosiani nguvu. Eldoret upo takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hadi maji yanapoingia Ziwa Viktoria, yatakuwa yameteremka karibu mita 1,000. Ndiyo sababu mto huu, ingawa mwembamba, una mawe mengi, maporomoko na kasi wakati wa masika. Jina la mji lenyewe hutajwa kuwa linatokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe.

Msitu huo leo unajulikana duniani kwa jambo jingine. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mnamo Oktoba 2019, amefanya mazoezi Kaptagat kwa miaka mingi. Wageni hufika na kamera zao kuona vijana wakipita alfajiri kwenye barabara za udongo mwekundu, mvuke ukiwatoka vinywani. Wachache kati yao hujua kwamba majani makavu yanayokanyagwa kando ya njia ndiyo yanayoihudumia Eldoret. Majani hayo hupunguza kasi ya mvua na kuipa nafasi ya kuzama ardhini, ili mto uwe na kitu cha kutiririsha Januari na Februari, jua likiwa kali. Mti ukikatwa Kaptagat, mto hupungua mjini miezi kadhaa baadaye, na mwenye kulalamika hajui kisa kilianzia wapi. Wakfu wa Kipchoge umekuwa ukipanda miti katika msitu huo, na kwa kufanya hivyo unalinda mto pamoja na njia za mazoezi.

Kabla ya mji

Kuna hadithi iliyorudiwa sana na wakoloni kwamba uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa mtupu walipofika. Ardhi yenyewe inawakanusha. Katika sehemu nyingi za uwanda, na katika nyanda nyingine za juu za Kenya, yako mashimo mapana ya duara ambayo wenyeji huyahusisha na watu wa Sirikwa. Kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa nyumba za chini ya ardhi. Mwanaakiolojia John Sutton alionyesha kwamba yalikuwa mazizi: ng'ombe walilazwa shimoni, na wenyewe wakaishi katika vibanda vilivyopakana nalo. Jina hilo halijapotea. Watu wengi wa Uasin Gishu bado huita soko na kata ya Ziwa kwa jina la Ziwa Sirikwa.

Baada ya Sirikwa, uwanda ulitawaliwa na Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao wameuachia jina hadi leo. Katika karne ya 19 walivunjwa nguvu na vita, kwanza na Wamaasai wenzao, kisha na Wanandi. Wanandi waliendelea kulisha mifugo huko na kuipeleka kwenye udongo wa chumvi. Ardhi ambayo mchungaji huifikia kwa msimu si ardhi isiyo na mwenyewe, lakini mgeni aliyekuja na ramani hakutaka kulijua hilo.

Kwa Wanandi mto ulikuwa na uzito zaidi ya maji ya kunywa. A. C. Hollis, ofisa wa kikoloni aliyechapisha kitabu kuhusu Wanandi mwaka 1909, aliandika kuhusu Ilet, mwenye radi, na kuhusu sherehe za jando ambazo sehemu yake ilifanyikia ndani ya maji yaliyozuiliwa mtoni. Katika simulizi za jamii nyingi za Kalenjin, vilindi na maporomoko ni mahali pa kukaribiwa kwa adabu. Imani hizo zilifanya kazi ambayo leo tumeikabidhi sheria: zilimfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kuchafua.

Kisha wakaja wapangaji wa mbali. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake wa makoloni Joseph Chamberlain, ilipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi wapewe makazi Afrika Mashariki. Eneo lililofikiriwa lilikuwa Uasin Gishu. Mpango huo ulijulikana kama mpango wa Uganda, kwa kuwa hadi mwaka 1902 sehemu hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Watu watatu walitumwa kulichunguza eneo mapema mwaka 1905, na mwaka huohuo mkutano mkuu wa Wazayuni ukakataa. Wanandi, waliokuwa wakipigana na Waingereza kwa zaidi ya miaka kumi, hawakuulizwa. Oktoba 1905 kiongozi wao, Orkoiyot Koitalel arap Samoei, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Kifo chake ndicho kilichofungua mlango wa walowezi.

Shamba Namba 64

Mwaka 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini, familia kama hamsini zikiongozwa na Jansen van Rensburg, lilishuka Mombasa, likapanda treni hadi Nakuru, na kutoka huko likaanza kupanda mlima kwa magari ya kukokotwa. Waliondoka Nakuru mwanzoni mwa Agosti na kufika uwandani katika nusu ya pili ya Oktoba. Umbali ambao matatu leo humaliza kwa saa chache uliwala zaidi ya miezi miwili.

Sababu ni matope na maji. Gari zito la namna hiyo lilihitaji maksai kumi na sita au zaidi, wamefungwa wawili wawili kwenye mnyororo mrefu. Likifika kwenye kijito, ilibidi kingo zichimbwe ziwe mteremko, matawi yatandikwe matopeni, na wakati mwingine maksai wa gari la nyuma wafunguliwe na kuongezwa kwenye gari la mbele. Mmoja hutangulia akiwavuta maksai wa kwanza kwa kamba, mwingine hutembea kando akipiga mjeledi hewani na kuwaita kwa majina. Maksai wa mbele wakisita majini, mnyororo hulegea, magurudumu huzama, na mizigo huanza kushushwa kipande kwa kipande. Kwa watu waliofika hivyo, mto ulikuwa kizuizi cha kuvukwa, na hawakuwa na haja ya kuugeukia tena.

Mji haukuchagua mahali pake kwa uzuri. Mwaka 1910 ofisi ya posta ilifunguliwa kwenye Shamba Namba 64, karibu na Sosiani. Inasimuliwa kwamba shamba hilo lilitolewa kwa kuwa udongo wake ulikuwa mbovu kwa kilimo. Wenyeji waliita mahali hapo Sixty-Four, na kwa matamshi yao likawa Sisibo, jina ambalo wazee bado hulitumia. Uwanja wa michezo wa katikati ya mji nao unaitwa 64. Mwaka 1912 jina rasmi likawa Eldoret. Benki ikaja mapema, na masimulizi ya mji yanadai kwamba kasha lake la chuma liliposhushwa garini lilikuwa zito mno kusogezwa, hivyo benki ikajengwa kulizunguka. Iwe kweli au chumvi imeongezwa, hadithi hiyo inaeleza tabia ya mji: kitu kiliwekwa pale kilipoangukia, mengine yakapangwa baadaye.

Barabara kuu ilikata mji kuelekea Uganda, na hadi leo inaitwa Uganda Road. Maduka yalitazamana na barabara. Nyuma yake kulikuwa na ua, nyuma ya ua vyoo na majalala, na chini zaidi mto. Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya walowezi, wazungu, Wahindi na Waafrika waligawiwa mitaa kwa rangi, na Mwafrika alihesabiwa kama kibarua wa muda ambaye hakustahili mabomba wala mifereji ya kudumu. Mpango huo ulipovunjika baada ya uhuru, idadi ya watu iliongezeka lakini mabomba hayakuongezeka kwa kasi hiyo.

Kutoka reli hadi hati ya jiji

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, baada ya kupanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na baadaye ikaendelea hadi Uganda. Tangu hapo ngano, mahindi na magome ya miti ya kutengenezea ngozi vilikuwa na njia ya kufika Mombasa. Makaburu wengi waliondoka uhuru ulipokaribia, miaka ya mwanzo ya 1960. Mashamba yao yaligawanywa, mengine yakanunuliwa na kampuni na vikundi vya wananchi, na ndipo sehemu kama Ziwa zikajaa wakulima wa ekari chache chache.

Viwanda vilifuata. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilianza katikati ya miaka ya 1970, kikaporomoka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kikazinduliwa upya mwaka 2019. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1984. Bomba la mafuta lilifika miaka ya 1990, na uwanja wa ndege wa kimataifa ukafunguliwa mwaka 1997. Hospitali ndogo iliyoanza mwaka 1917 imekua ikawa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, inayopokea wagonjwa kutoka magharibi yote ya Kenya. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 475,716 mjini. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliukabidhi mji hati ya jiji, ikiwa ni jiji la tano baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Ukuaji huo umeleta watu wa kila aina. Katika mitaa ya Langas, Huruma, Munyaka, Kapsoya na Maili Nne husikika Kinandi, Kiluhya, Kikikuyu, Kijaluo, Kiturkana na Kisomali, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha dukani. Mchanganyiko huo umewahi kuvunjika vibaya. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, kanisa la Kiambaa nje kidogo ya mji lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Anayeandika historia ya Eldoret akaacha siku hiyo atakuwa ameandika tangazo la watalii.

Ipo pia siku ya furaha ambayo mji huifanya vizuri kuliko miji mingine. Mwanariadha akirudi na medali, hupokewa kwenye uwanja wa ndege na mama aliyebeba sotet, kibuyu chenye mursik, maziwa ya mgando. Maandalizi yake huanza siku nyingi kabla. Kibuyu husuguliwa ndani kwa ufito uliopondwa ncha, kisha kijinga cha mti wa senetwet hupitishwa ndani mpaka ukuta wote upate unga mweusi wa mkaa. Maziwa hutiwa, kibuyu hufungwa, na siku zinapopita maziwa huganda, yakawa na rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Bingwa hunywa funda moja mbele ya kamera, na ulimwengu hudhani umeona utamaduni wa jiji. Ni utamaduni wa mashambani: ng'ombe, nyasi na kijito cha kunyweshea. Jiji huuazima kila linapotaka kujionyesha.

Chini ya daraja

Teremka kutoka katikati ya jiji hadi ukingoni utaona kazi ambayo mto unafanya. Kijana ameingiza gari majini hadi nusu ya magurudumu, suruali ameikunja magotini. Anachota kwa ndoo iliyokatwa kutoka kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia, anarusha maji chini ya bodi, sabuni ya unga inatoa povu, na chini ya povu unashuka utando wa grisi wenye rangi za upinde wa mvua. Hatua chache chini yake mwanamke anafua mablanketi juu ya jiwe. Chini yake zaidi ipo bustani ya sukuma wiki iliyopandwa mpaka mdomoni mwa maji, na asubuhi mboga hizo zitakuwa sokoni.

Ni rahisi kuwanyoshea kidole watu hawa. Lakini muosha magari hana mfereji, mfuaji anaishi kwenye ploti ambayo bomba lake hutoa maji siku mbili kwa juma, na mkulima wa sukuma hana ardhi nyingine. Taka za jaa, majitaka ya vyoo yanayovuja kutoka mitaa isiyo na mabomba na maji machafu ya viwandani yana wenyewe pia, wenye ofisi na mihuri. Mto unapokea kutoka kwa wote, na wa chini ndiye anayeonekana.

Kanuni zipo. Kwa mujibu wa kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, hakuna anayeruhusiwa kulima au kuendeleza ardhi ndani ya ukingo wa mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutoka kiwango cha juu cha mafuriko, kutegemea upana wa mto. Kosa ni kwamba mipaka hiyo mara nyingi hubaki kwenye karatasi. Mtu hujenga kwanza, kigingi huletwa baadaye pamoja na tingatinga, na mwenye kibanda ndiye anayebomolewa wakati jengo la ghorofa lenye wakili mzuri limesimama.

Jiji lenyewe limejifunza kutoutegemea mto wake. Sehemu kubwa ya maji ya mabomba hutoka mbali, hasa Bwawa la Chebara, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, yakiteremka kwa mvuto mpaka Eldoret. Wakazi wa huko wamekuwa wakidai, na wana haki ya kudai, kwamba wanaotunza chanzo wapate mgawo wa faida. Mji unaokunywa maji ya jirani hauoni hasara ya mto wake kuharibika. Hiyo ndiyo siri ya uzembe wetu: uchafu wa Sosiani hauingii kwenye glasi ya anayeuchafua.

Huingia kwenye ya mwingine. Maji haya huendelea hadi Kipkaren na Nzoia, ambako yapo mabomba ya miji mingine, mashamba ya miwa na vijiji vinavyochota moja kwa moja. Kule Budalang'i watu wanaijua Nzoia kwa mafuriko yanayobomoa kingo na kuwahamisha msimu baada ya msimu. Udongo unaobebwa kutoka nyanda za juu, pamoja na ule wa mashamba ya Ziwa yaliyolimwa hadi kwenye vijito, ni sehemu ya balaa hilo. Hapo mkulima naye ana kesi ya kujibu.

Hati na wajibu

Wapo wanaosema mto ukishafika hapa hautibiki. Historia ya London inawapinga. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hadi wabunge wakashindwa kukaa katika jengo lao lililo ukingoni, na sheria ya kujenga mabomba makubwa ya majitaka ikapitishwa haraka. Karne moja baadaye, mwaka 1957, wataalamu walisema sehemu ya mto huo ndani ya jiji imekufa. Serikali iliboresha mitambo ya majitaka na kubana viwanda, na mwaka 1974 samaki aina ya salmoni akaonekana tena. Mto ule ulipona kwa kodi na sheria. Tofauti yetu na wao ni kwamba harufu ya Sosiani bado haijafika kwenye meza za wanaopitisha bajeti.

Sheria ya Kenya kuhusu miji na majiji, ya mwaka 2011 na marekebisho yake ya mwaka 2019, inataka jiji liwe na wakazi wasiopungua 250,000. Hilo Eldoret imelivuka zamani. Sheria hiyohiyo inataka jiji liwe na uwezo wa kuondoa taka zake ipasavyo, na sharti hilo halipimwi kwa hotuba wala kwa idadi ya magari ya taka yaliyozinduliwa. Hupimwa kwa kuchota maji ya Sosiani yanapoingia jijini na yanapotoka, kuyapeleka maabara, na kutangaza matokeo hadharani kila mwezi.

Kazi inayobaki inajulikana. Vigingi vya ukingo vipigwe kwa mwenye kibanda na mwenye ghorofa kwa kipimo kimoja. Waosha magari wapewe mahali penye mfereji na mtego wa mafuta. Mabomba ya majitaka yafike Huruma na Langas kabla ya taa za mapambo kufika Uganda Road. Wenye Kaptagat na Chebara walipwe kwa misitu wanayoitunza. Na wewe msomaji wa Ziwa, acha mita chache za nyasi kati ya mahindi yako na kijito, kisha ukija Eldoret na magunia yako, mwulize mwakilishi wako wa wadi swali moja: maji haya yanatoka jijini yakiwa na hali gani? Mpaka swali hilo lipate jibu la kweli, Eldoret ni jiji kwa hati tu.